Mara Saba Kila Asubuhi

Unanifuata. Nakusikia. Viatu vyako vina vumbi la mtaa wa tatu, unapumua kwa mdomo, na tangu kona ile ya wauza barafu hujanipita wala hujarudi nyuma. Sikulaumu. Katika mji huu kila mtu anamfuata mtu, na asiyefuatwa na yeyote anafuata wawili ili azibe pengo. Ila kuna jambo linanikera, na uniwie radhi nikilisema kwa ukali, maana leo sina hali nzuri: umenifuata siku zote hizi, hujawahi kuniuliza jina langu. Hata mara moja.

Haya, njoo. Sogea karibu nikueleze huku tunakwenda, kwa sababu naenda kwa mama yangu na mama yangu anakufa. Nataka aniite kabla hajaondoka. Hilo tu. Ukinisikia nazunguka na maneno mengi humu njiani, ujue yote yanalizunguka hilo.

Mji wetu hauna jina wala hauna kesho. Una jana nyingi. Asubuhi ikipita haiondoki, inakaa kwenye viganja vya watu, na mtu akitaka anafungua kiganja chake anaiona tena: jua lilelile, jogoo yuleyule, mwanamke yuleyule anakoroga unga uleule. Nimewahi kuwakuta watu thelathini wamepanga foleni ya maji, na kwenye viganja vyote thelathini yumo mama yangu wa miaka mitano nyuma, anacheka. Mama mwenyewe wakati huo alikuwa ndani amejifunika shuka, ana homa. Nikasimama nikajiuliza yupi kati yao ndiye mama. Nikawaza: kama kwenye viganja yupo mara thelathini na kitandani yupo mara moja tu, basi huyu wa kitandani ndiye mchache, ndiye wa kutiliwa shaka. Mawazo ya namna hiyo huku kwetu yanaingia kichwani bila kupiga hodi. Nikaenda zangu kazini.

Na wafuasi wetu, kama unavyojijua, ni wafuasi wa miguu. Wanatembea nyuma yako. Mwenye wafuasi kumi anasikia kama mvua ya rasharasha mgongoni. Mwenye maelfu akikata kona, vumbi lake linachukua nusu saa kutulia, na watu wenye nguo zilizoanikwa wanamlaani kimoyomoyo huku wanafungua viganja wamtazame. Hao tunawaita washawishi. Mshawishi akinywa chai ya jani fulani, walio nyuma wanainywa. Akivaa kanga ya rangi fulani, mtaa mzima unageuka rangi hiyo kabla ya Ijumaa. Wala hasemi nunueni. Akisema nunueni amekwisha, adhuhuri akigeuka ataona barabara tupu. Yeye anakunywa tu, anajifuta mdomo, anaendelea na safari yake kana kwamba hakuna mtu duniani.

Mimi nilikuwa mchunguzi. Nilikaa Jumba la Macho, chumba cha ghorofa ya pili, kazi yangu kuzisoma kurasa za waliofanikiwa na kuuliza: kwa nini huyu na si yule? Nimeifanya kazi hiyo miaka ambayo nikijaribu kuipanga inaruka nafasi zake, wa pili unakaa baada ya wa sita, basi nimeacha. Niliyoyaona nakupa bure. Watu hawamfuati mzuri. Mzuri wanamtazama, wanaguna, wanaondoka. Wanamfuata aliyekosea kidogo, aliyemwaga chai, aliyesahau kifungo kimoja. Wanataka saa ileile, pembe ileile ya chumba, kikombe kilekile chenye ufa, maana maisha yao wenyewe hawayajui yatakuwaje saa ijayo, basi angalau ya mwenzao wayajue. Na neno wakilisikia mara moja wanalisahau. Mara tatu, wanalitambua. Ukiwapa mara saba kila asubuhi kwa mwaka mzima, wanalikuta limekaa ndani yao limekunja miguu, wanadhani wamezaliwa nalo. Hilo la mwisho nililigundua mimi. Nililiandikia ripoti, wakubwa wakanipigia makofi, na mimi nikasimama nikainama kidogo, mjinga mimi.

Mdogo wangu Siwatu alikuwa na ukurasa wake. Alikuwa anajipaka hina na kuzungumza habari za mapenzi, amekaa jikoni kwa mama ili apate mwanga wa dirisha. Wafuasi wake walikuwa arobaini, nusu yao jamaa zetu waliofuata kwa kuona haya. Siku moja akaniambia, "Kaka, kutwa unawasoma watu baki. Nisome na mimi basi."

Nikamsoma. Nikaona macho ya watu yanatua kwake sekunde mbili, tatu, halafu yanahama. Yanapita begani kwake, yanakwenda nyuma kabisa, kwa mama yetu, Bi Kidawa, anayepika vitumbua hana habari na mtu. Mama alikuwa na kikaango cha chuma chenye vishimo saba, cha kurithi. Mafuta yakishapata moto, wengine hudondosha tone la unga waone kama linachemka. Mama hakudondosha kitu. Alikuwa anainama, anatega sikio juu ya kikaango, anasikiliza. Mafuta yakimwambia tayari, anamimina. Basi pale, kwenye lile sikio lenye kipuli kimoja, ndipo watu walipokuwa wanakaa. Wanarudia pale mara kumi, mara ishirini, na wakiondoka wanaondoka wametulia.

"Si wewe wanayemfuata," nikamwambia Siwatu. "Ni mama."

Akacheka. "Mwanamke ameniibia wafuasi wangu na hata hajui kama anao," alisema, akainua kiti chake akakisogeza pembeni.

Tukamweka mama mbele. Mama akaingia kwenye viganja vya watu kwa neno moja tu aliloturushia asubuhi ya kwanza, "Mnanitazama nini, mmekosa kazi?" Mji ukampenda kwa neno hilo. Baada ya miezi sita vumbi la nyumba yetu likawa halitulii tena. Alikuwa akienda sokoni kununua nazi, na nyuma yake wanatembea watu wengi kuliko wa mazishi ya tajiri, wote kimya, wote wamebeba nazi moja moja.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Kinyogoli, mtu wa mafuta. Alikuja mwenyewe, mtu mpole mwenye kofia ya kitambaa, amekumbatia dumu la mafuta ya manjano yaliyoitwa Kolezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hayo umeyaleta ya nini? Mimi natumia ya nazi."

"Nimeleta uyasikilize tu, mama."

Alikuwa amemsoma mama kama nilivyomsoma mimi. Mama akayapasha moto, akainama, akatega sikio muda mrefu. Akainuka. "Haya hayasemi kitu," alisema. "Yana ububu."

Mimi ndiye niliyembembeleza. Si Siwatu, si Bwana Kinyogoli, mimi, na nataka ulisikie hilo kwa mdomo wangu. Nilikaa miguuni pake nikamwambia, mama, ni neno moja tu. Kolezi. Unalisema kila unapomimina, mara saba, moja kwa kila kishimo, halafu basi. Wala usilisifu. Neno haliliwi, mama.

"Neno ndilo linaloliwa, baba," alisema. "Lakini kama ni wewe unayetaka, nitasema."

Akasema. Kila asubuhi, anamimina, Kolezi, anamimina, Kolezi, kwa ile sauti yake ya chini kama anahesabu watoto wake waliolala. Mji wote ukakaanga kwa Kolezi. Ukipita uchochoroni saa za asubuhi ulikuwa unasikia wanawake nyuma ya madirisha wanasema wenyewe kwa wenyewe, Kolezi, na mafuta yanachemka.

Sasa nikueleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutanielewa ninachokimbilia. Kwetu mtoto ana majina mawili. La nje ni la watu wote, la shuleni na la kazini. Langu ni Shaweji, kama ulikuwa unataka kujua, ingawa hukutaka. La ndani ni la mama peke yake. Anakunong'oneza sikioni kabla hujanyonya, na halitamkwi mbele ya mgeni kwa kuogopa kijicho. Hata wewe mwenyewe hulitamki. Kazi yako ni kuitika. Kisha mama akihisi safari yake iko karibu, anawaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina ya ndani, mara ya mwisho, na mtoto akiitika jina linakuwa lake. Tunasema amerudishiwa. Mama anatangulia. Siku yako nawe ikifika, anasimama mlangoni huko aliko anakuita, na katikati ya umati wa wafu unajua ni wewe. Ambaye hakurudishiwa atasimama palepale anasikia majina ya watu. Cheka ukitaka. Na mimi nilipokuwa Jumba la Macho nilikuwa nacheka.

Mama alikuwa na mazoea ya kuniita katikati ya kazi. Anamimina, Kolezi, anamimina, Kolezi, mara anakumbuka maji au iliki, ananiita. Jina la ndani, mbele ya mji mzima. Ilikuwa haifai, na tena ilikuwa inaharibu mwendo. Basi nikawa nakata. Kila alasiri, kabla haijaingia kwenye viganja vya watu, naiweka asubuhi ya siku ile mapajani kama kitambaa, natafuta pale aliponiita, nakata, naunga kingo. Vipande natupa. Nilikuwa fundi, mshono wangu huuoni hata ukiuwekea taa. Mwaka mzima mama aliniita kila siku, na katika viganja vyote vya mji huu hakuna hata kimoja ambamo ananiita.

Kisha ikaja Alhamisi moja. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri mno, sijauona tena. Mama alimimina kishimo cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, halafu akaweka upawa chini. Akageuka kwa Siwatu aliyekuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, akamwita kwa jina lake la ndani. Siwatu aliacha kukuna. "Labeka, mama," alisema, na sauti yake ikakatika, na mimi nikadhani amepaliwa na machicha.

Mama akanigeukia mimi. Akaniita.

Vilikuwa vimebaki vishimo vitatu. Nikaweka kidole mdomoni. Ndiyo ishara tuliyoizoea, maana yake nyamaza kidogo mama, tunaendelea. Akasubiri. Alikuwa ameweka mikono yote miwili magotini, ananitazama usoni, anasubiri mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi. Halafu akaokota upawa, akamimina. Kolezi. Akamimina. Kolezi. Akamalizia. Alasiri nikakata.

Siwatu alinikuta nimeshika mkasi. "Kaka," alisema, "mama alikuwa anaturudishia."

Nikamwambia ataniita tena kesho.

"Na asipokuita?"

"Ataniita. Mama haachi kuniita, ndiyo maana mkasi wangu umekuwa butu."

Nilimjibu hivyo, kwa majivuno. Ningepewa siku moja ya maisha yangu niirudishe, nisingechukua ya utotoni wala ya harusi. Ningechukua ile, na wala si nzima, pale tu moshi ulipoanza.

Kuanzia Ijumaa ile mama akaanza kupoteza maneno. Kwanza lilikwenda iliki. Alikuwa anaisaga lakini hajui kuiita. Ikafuata nazi, ikafuata dirisha. Siwatu akawa Mwanakombo, dada yake mama aliyekufa zamani, na Siwatu akawa anaitikia hivyohivyo bila kumsahihisha. Mimi hakuniita kitu. Ananitazama, mdomo unafunguka, unafumba. Na wafuasi wakaongezeka, bila shaka wakaongezeka, nilishawaandikia wakubwa kwamba watu wanampenda aliyekosea kidogo. Bwana Kinyogoli akasema mama anagusa nyoyo. Ilitupasa tuache, najua ilitupasa. Siwatu alinisihi tuache. Mimi nikasema tuendelee kidogo, nikajipa sababu kwamba labda mbele ya kikaango ndipo atakaponikumbuka, na kila asubuhi nikasimama palepale nimeshusha mikono, sina kidole mdomoni, nasubiri. Alimimina. Kolezi. Maneno yote yalikuwa yanamtoka moja baada ya moja kama watu wanaohama nyumba, na lile lilikuwa limekaa ndani limekunja miguu.

Nilipima vichwa vya mji mzima kuona kama neno limekaa. Kichwa kimoja sikukipima, kile kilichokuwa kinalisema.

Nimekwenda jalalani kutafuta vipande vyangu. Nimewauliza wafuasi wa zamani, wale wa nazi moja moja, nani alisikia mama alikuwa ananiitaje, na kila niliyemuuliza alinijibu Kolezi, kwa furaha, kama mtoto aliyejua jibu. Utaniuliza mimi mwenyewe silikumbuki? Jina ambalo hujawahi kulitia mdomoni mwako, rafiki, halikai kwako. Nalikumbuka mwendo wake. Ni fupi. Linaanza midomo ikiwa imefumba. Zaidi ya hapo nasikia mlio wa mkasi.

Tumefika. Vua viatu.

Usishangae watu hawa. Wamekaa hivi tangu juzi, kutoka mlangoni mpaka mwisho wa mtaa, viganja vimefunguliwa. Yule pale kwenye ndoo iliyogeuzwa ni Bwana Kinyogoli. Analia kweli, kofia iko mkononi, na hakuna hata mmoja anayemtazama.

Siwatu ananifungulia. Amejifunga kanga kiunoni na mikono yake ina harufu ya nazi.

"Umechelewa, Kaka."

"Yu macho?"

"Yu macho. Haoni vizuri. Nimemwashia jiko karibu na kitanda, nimetia mafuta ya nazi, yale yake. Dumu la yule bwana nimelitoa nje." Anajifuta uso kwa kiwiko. "Labda akisikia."

Naingia. Napiga magoti. Mama amekuwa mdogo, amebaki kipuli na macho. Kikaango kiko kwenye moto na kwenye vishimo saba mafuta yameanza kuongea, yale ya zamani, siyo bubu. Namwambia shikamoo mama. Haitikii. Lakini shingo yake inageuka, taratibu, na sikio linainama upande wa jiko, na nakuapia, namwona anarudi. Anakuja kutoka mbali, anapita kwenye vyumba vitupu, anatafuta. Mkono wake unatoka ndani ya shuka unapapasa mpaka unapata kichwa changu. Midomo yake inafumba. Inaanza ikiwa imefumba, unaona? Siwatu amenishika bega ananiumiza. Mama anavuta pumzi.

"Kolezi," ananiita.

Sauti si ile ya kuuzia. Hiyo naijua, niliipima mwenyewe. Hii ni ya siku zote, ya maji na iliki, ya mtoto anacheza nje na jua linazama, uko wapi wewe. Amenitafuta katika nyumba nzima ya kichwa chake na hakukuta chombo kingine cha kunibebea. Ameniweka humo. Ananisubiri. Mkono uko kichwani kwangu, na mafuta yanaanza kutoa moshi.

Mara hii siweki kidole mdomoni.

"Naam, mama," nasema.

Na nyuma yangu, dirishani, mlangoni, uani, kwenye mtaa wote mpaka kule mwisho kusikoonekana, wanaitika. Wanaume naam, wanawake labeka. Wameliitikia jina langu kwa sababu wanalijua, wamelijua siku zote, nimewafundisha mimi. Na wewe hapo umesimama, viatu mkononi, umeitika.

Mama anatega sikio. Anainama kama juu ya mafuta, kipuli kinaning'inia, na anazipitia sauti zile moja moja, polepole, anatafuta ya mwanawe. Ni nyingi. Bado anasikiliza.